Mizani Iliyowaonea Wazee wa Endagikot

Nyie mnaotoka chuo cha ufundi na bisibisi mpya mfukoni, sogeeni hapa niwaambie kitu ambacho mpaka leo kikinijia kichwani nacheka peke yangu. Droo ya pesa ya dukani haifunguliwi na kompyuta. Inafunguliwa na printa. Siku nilipolijua hilo nilikuwa msichana mbichi, nimepiga magoti chini ya kaunta ya duka moja Arusha, na nilipaza sauti hata mteja akaacha sukari yake akachungulia chini kuona kuna nini. Kompyuta inaipelekea printa amri fupi, printa inasukuma umeme kidogo kupitia waya unaofanana kabisa na wa simu ya mezani, sumaku iliyo ndani ya droo inavuta komeo, na droo inaruka mbele. Kompyuta yenyewe haina habari kama kuna droo. Niliifungua na kuifunga mpaka mwenye duka akaniambia basi, binti, inatosha, umeshaelewa.

Sasa nimestaafu. Nakaa Katesh na ng'ombe wangu wawili, na magoti yangu hayataki tena kuingia chini ya kaunta ya mtu. Lakini kazi ya kuunganisha printa, skana, mizani na mashine za EFD, zile za risiti za kodi, nimeifanya Hanang na Mbulu kwa miaka mingi, na sikuwahi kuamka asubuhi nikaiona nzito. Mashine hizi zinaongea. Ukishajua nani anaongea na nani anasikiliza, umemaliza nusu ya kazi, na nusu nyingine ni kumtuliza mwenye duka.

Wenye duka nao ni somo. Kulikuwa na mmoja Mbulu mjini, anauza misumari na mabati, alinipigia simu kwamba droo imekufa. Nimepanda gari kutoka Katesh, nimepigwa vumbi, nimefika. Naangalia waya, mzima. Naangalia umeme, upo. Nafungua kifuniko cha printa, ndani hamna karatasi. Nikamuuliza, "Karatasi iko wapi?"

"Nimeitoa, mama. Wateja wa hapa hawachukui risiti, inapotea bure. Nimeiweka kabatini."

Printa nyingi zikikosa karatasi zinagoma, hazipokei amri ya mtu, na amri ya kufungua droo ni mojawapo. Yule bwana alikuwa anabana matumizi, na droo ikambania yeye. Nilirudisha karatasi, droo ikafunguka, akanitazama kama vile nimemtoa sungura kwenye kofia. Nauli ya kuniita ingemnunulia karatasi za kutosha mpaka mwaka uishe.

Na karatasi yenyewe muijue. Printa hizi hazina wino, zinachoma kwa joto, na karatasi imepakwa dawa upande mmoja tu. Ukiiweka kinyume inatoka nyeupe, na mwenye duka ataapa kwamba printa imeharibika. Kabla hujafungua skrubu hata moja, kwaruza karatasi kwa ukucha. Upande unaotoa mstari mweusi ndio unaotakiwa kutazama kichwa cha kuchapia. Wateja wa Yaeda Chini, kule jua linakowaka, waambieni wasiache risiti juu ya dashibodi ya gari. Inageuka nyeusi yote, na mtu anabaki na kipande cha usiku mkononi.

Aliyenifundisha alikuwa fundi Hassani, mtu wa Arusha, mfupi, mkali, hacheki mpaka kazi iishe. Yeye ndiye aliyenionyesha ile bandari ya zamani, tundu la kuchomekea waya la pini tisa, ambayo mizani nyingi bado zinaitumia. Kuna waya wa kusema na waya wa kusikia. Wa kusema wa huyu lazima uingie kwenye wa kusikia wa yule. Ukiunganisha kusema kwa kusema, wote wawili wanapayuka na hakuna anayepata neno. Na lazima wakubaliane kasi. Mmoja akisema elfu tisa mia sita na mwingine amewekwa elfu mbili mia nne, kwenye skrini utaona takataka tu, alama zisizo na kichwa wala miguu. Ukiziona hizo takataka, furahi. Maana yake waya ni mzima na wanaongea, ila mmoja anawahi mno. Fundi Hassani alikuwa akiona takataka kwenye skrini anasugua viganja kwa raha, na mimi nikaurithi ugonjwa huo.

Skana ndiyo iliyonipa kicheko kuliko zote. Wengi wanadhani skana inajua bei. Haijui chochote. Inasoma ile mistari myeusi ya bakodi na kuandika namba, kama mtu aliyebonyeza kibodi haraka sana. Fungua sehemu yoyote ya kuandikia, hata ujumbe wa simu, soma paketi ya majani ya chai, namba zitajiandika. Na utamu wake ni kwamba skana inapangwa kwa bakodi. Kinakuja kijitabu chenye bakodi za amri. Unasoma hii, inaanza kubonyeza kitufe cha kushuka mstari kila ikimaliza. Unasoma ile, inaacha kulia. Hakuna kompyuta wala nywila, ni karatasi tu.

Basi Gehandu kulikuwa na duka la dawa za mifugo. Mwenye duka, kijana msafi sana, aliona kijitabu kile kina michoro mizuri akakibandua kurasa na kuzibandika ukutani nyuma ya kaunta, duka lionekane la kisasa. Wafugaji wakija kununua dawa ya kuogesha ng'ombe walikuwa wanaomba waonyeshwe ile taa nyekundu ya skana, na yeye kwa ukarimu wake akawa anamulika ukutani. Siku moja ikalia mlio ambao hajawahi kuusikia. Tangu hapo kila chupa ya dawa ikisomwa, zinatoka alama za mshangao na za dola mahali pa namba. Alikuwa ameiamuru skana iandike kwa mpangilio wa kibodi ya Kifaransa. Nilipofika nilitafuta ukutani bakodi ya kurudisha hali ya kiwandani, nikaisoma, ikalia, ikapona. Yule kijana hakuamini kwamba ugonjwa na dawa vilikuwa ukuta mmoja. Nilimbandulia zote isipokuwa ile moja, nikamwambia hiyo aiache.

Sasa Endagikot. Hii ndiyo niliyowaitia.

Endagikot kuna kituo cha kukusanyia vitunguu saumu, kilichoanzishwa na kikundi cha akina mama. Mwenyekiti wao ni Yustina, mama wa watoto wanne, sauti ndogo, msimamo mkubwa. Kabla ya kituo, vitunguu vyote vilikuwa vinaondoka na madalali kwa lumbesa, yale magunia yanayoshonewa kilemba juu mpaka gunia moja linabeba karibu la pili. Yustina alizunguka nyumba kwa nyumba, akawaomba wazee wakubali mizani ya kidijitali. Unaweka gunia, mama anabonyeza kitufe, printa inatoa karatasi yenye jina lako na uzito wako, na nakala inabaki kituoni. Hakuna kukisia. Alisimama mbele ya watu akasema, mizani hii haitamwonea mtu.

Ikawaonea wazee.

Vijana walikuwa wanapima vizuri. Akina mama wenzake, vizuri. Lakini wazee, mmoja baada ya mwingine, walitoka na karatasi zenye uzito usio wao. Mtu na gunia lake zito anapewa uzito wa gunia la mtoto. Wa kwanza alinyamaza kwa heshima. Wa pili alinung'unika. Wa tatu alikuwa Mzee Amnaay, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye blanketi begani na fimbo ya mzeituni, na tena ndiye baba mkwe wa Yustina. Huyo hakunung'unika. Alisema mbele ya watu kwamba Jumapili baada ya ibada wazee watakaa, na mashine itarudishwa ilikotoka, na madalali waitwe. Kulikuwa pia na mzee mmoja aliyeandikiwa uzito mkubwa kuliko gunia lake. Huyo hakulalamika kabisa.

Yustina alinipigia simu Ijumaa. "Shikamoo, mama. Naomba uje. Jumapili wakiikataa, hawatanikataa mimi peke yangu, watawakataa akina mama wote. Mwaka kesho hakuna atakayetusikiliza tena."

Nilikuwa nimestaafu tayari, magoti na yote. Lakini niwaambie ukweli, moyo ulinidunda kwa furaha. Mizani inayokosea wazee tu. Nani amewahi kusikia ugonjwa wa namna hiyo? Nilichukua begi la vifaa nikaondoka.

Nilimkuta Emanueli, kijana wa Babati aliyeandika programu yao. Kijana mzuri, ana adabu, ana akili, ila kama watunga programu wote anaamini kosa liko kwenye waya. Na mimi, kama mafundi wote wa waya, naamini kosa liko kwenye programu. Tulitaniana mpaka saa sita mchana. Nilibadilisha kebo ya mizani. Nilipima umeme wa sola. Niliweka begi langu juu ya mizani, nikabonyeza, karatasi ikatoka na uzito wa begi. Niliweka jiwe, ikatoka uzito wa jiwe. Niliweka jiwe na begi. Kila kitu sawasawa kabisa.

"Unaona, mama," alisema Emanueli. "Programu yangu haina neno."

"Na waya wangu je?"

"Waya wako nao hauna neno. Sasa tufanyeje?"

Nilimwambia afungue dirisha la kuonyesha mistari inayotoka kwenye mizani, jinsi inavyokuja, bila kuipamba. Hilo mlishike, vijana. Mkikwama, acheni kutazama kile programu inachosema, tazameni kile mashine inachosema. Mizani ile inatuma mstari mmoja baada ya mwingine bila kupumzika. Mwanzo wa mstari kuna herufi mbili za hali yake, zinazosema imetulia au bado inacheza, halafu unafuata uzito. Mistari ikawa inapita kwenye skrini ya laptopu, yote inasema imetulia, sifuri.

Hapo akaingia Mzee Amnaay na gunia, limebebwa na vijana wawili. Alikuwa amekuja kujionea tena kabla ya Jumapili, awe na ushahidi. Vijana wakalisimamisha gunia juu ya mizani. Yustina akabonyeza kitufe haraka, akatoka nyuma ya meza mikono mitupu, akainama. Hakuna mkwe wa Endagikot anayemsalimia baba mkwe huku anabonyeza mashine.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama Danieli. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, baba."

Mzee akaweka mkono wake juu ya mdomo wa gunia, akaegemea, kama mtu yeyote wa umri ule aliyetoka kupanda mlima. Mimi na Emanueli tukasimama kusalimia pia. Salamu za huku hamzijui nyinyi wa mjini, zina safari yake. Watoto, mifugo, mvua, mgonjwa wa jirani, halafu mnaanza upya kwa Kiiraqw. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Katesh, akasema Katesh kuna ukame wa maneno, watu wanasalimiana kwa honi za pikipiki. Akacheka kwa utani wake mwenyewe, bega likatikisika.

Na kwa pembe ya jicho nikaona namba zinacheka naye.

Kwenye laptopu uzito ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, kila mstari ukisema bado inacheza, bado inacheza. Mkono wa mzee ulikuwa unalisukuma gunia. Halafu printa ikatoa karatasi. Uzito ulioandikwa ulikuwa wa lile jiwe langu na begi.

Nilimshika Emanueli mkono nikaubana mpaka akashtuka. Alikuwa ameona na yeye. Tulisubiri kwa shida mzee aondoke, naye aliondoka na karatasi yake nyingine ya uongo, uso umekunjamana, hata hakuaga vizuri.

"Sema," nikamwambia Emanueli. "Mizani isipotulia, programu yako inafanya nini?"

"Inasubiri sekunde chache." Akaanza kujikuna kichwa. "Isipopata uzito uliotulia, inachukua ule wa mwisho ilioutolea karatasi, bado uko kwenye kumbukumbu. Nilifanya hivyo ili isikwame, mama. Ofisini niliipima na mfuko wa sukari."

"Mfuko wa sukari hausalimiwi."

Basi tukacheka, tukacheka mpaka Yustina akadhani tumechanganyikiwa. Gunia la kijana anayekuja kupima halina mkono juu yake, kijana ndiye anayemwamkia Yustina, maneno mawili yamekwisha. Gunia la mzee linaegemewa muda wote wa salamu. Kwa hiyo kila mzee alikuwa akipewa uzito wa mtu aliyemtangulia. Jiwe langu na begi langu vilikuwa vimemtangulia Mzee Amnaay. Nilikuwa nimemwandikia jiwe.

Yustina hakucheka. Alikaa chini kwenye debe akafuta macho, akasema, "Kumbe haikuwa inawaonea." Alisema hivyo mara nyingi.

Emanueli alikuwa na dawa tayari. Alitaka tubandike tangazo, usiguse gunia, na tuweke king'ora kilie mtu akigusa. Yustina akamtazama.

"Nani atakayemwambia mzee wa kanisa atoe mkono? Wewe?"

"Mashine itamwambia, dada."

"Mashine imfokee baba mkwe wangu mbele za watu? Na mimi nimesimama hapo? Hapana. Salamu haifupishwi. Kama kuna wa kubadilika, abadilike huyo," akaonyesha mizani kwa kidevu.

Vijana wangu, nimeunganisha mashine maisha yangu yote, na sijawahi kupewa maelekezo ya kazi yaliyonyooka namna ile. Emanueli alikaa na laptopu magotini, mimi nikawa mzee, naegemea gunia, nasalimia, nacheka, nakohoa, yeye anaandika na kujaribu. Uzito wa zamani ufutwe kila karatasi ikitoka, usibaki hata chembe. Mizani lazima irudi sifuri kabla ya mtu mwingine. Isipotulia, programu isikisie, isichoke, ikae hapo hapo. Kwenye kioo liandikwe neno moja tu, SUBIRI. Mambo madogo, mistari michache. Ilipofanya kazi mara ya kwanza nilirukaruka kama ndama, na magoti hayakusema kitu.

Jumapili watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja kituoni. Wazee walikaa mbele. Yustina alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Hakumweleza baba mkwe wake kitu. Angesemaje, kwamba kosa ni mkono wako?

Gunia la Mzee Amnaay likasimamishwa juu ya mizani. Yustina akabonyeza kitufe, akatoka nyuma ya meza, akainama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkono ukaja juu ya gunia. Akauliza watoto. Akauliza mama yake Yustina aliyeko Dongobesh. Akauliza kama mvua imefika kule. Printa kimya. Watu wakaanza kunong'ona kwamba leo imekufa kabisa. Yustina alijibu kila swali taratibu, bila kugeuka kutazama nyuma, wala kuharakisha neno hata moja.

Mzee naye alikuwa anasikiliza printa. Mwisho akasema, "Mbona leo haitoi karatasi?"

"Inakusubiri wewe, baba."

"Mimi?"

"Ndiyo, baba. Mpaka umalize kusalimia."

Aliutazama mkono wake juu ya gunia. Halafu akanigeukia mimi, mkono bado uko palepale, na niliona kabisa kwamba ameuacha makusudi. "Na wewe, mama wa Katesh. Ng'ombe wako hawajambo?"

Nikamweleza habari za ng'ombe wangu. Nilimweleza yule mwekundu anavyoruka uzio, nikamweleza maziwa, nikamweleza ndama, sikuacha kitu, na watu wote wamesimama. Kwenye kioo neno ni lile lile. Mzee Amnaay alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akainua mkono kurudisha blanketi lake begani.

Mizani ikalia mara moja, printa ikatoa karatasi.

Aliichukua, akaishika mbali na macho, akampa mkwe wake. "Nisomee."

Yustina akasoma jina. Akasoma uzito.

"Rudia."

Akarudia.

"Hilo ndilo gunia langu," alisema Mzee Amnaay. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya Biblia, akamgeukia mwenzake aliyekuwa naye benchi moja kanisani.

"Lete la kwako."

Lakini mwenzake alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya gunia lake mgongoni kwa punda.